Geneva, Septemba 1946: Jukwaa Lililoiuliza Ulaya Wewe ni Nani

Aprili 1946 wajumbe wa Shirikisho la Mataifa walikutana Geneva kwa mara ya mwisho. Walipiga kura ya kulivunja shirika lao, wakaukabidhi Umoja wa Mataifa mali na majengo, kisha wakatawanyika. Palais des Nations, jumba lililojengwa katika miaka ya 1930 ili dunia isipigane tena, lilikuwa limekaa kimya muda wote ambao Ulaya iliteketea. Mji uliozoea kuitwa makao ya amani ulibaki na majengo mengi na maswali mazito.

Miezi mitano baadaye, katika mji huohuo, kundi la walimu wa chuo kikuu na wasanii wa Geneva waliwaalika wanafalsafa, washairi na wanahistoria kutoka nchi zilizokuwa zikiuana mwaka mmoja tu uliotangulia. Waliwawekea mezani mada moja: roho ya Ulaya. Je, kweli ipo? Kama ipo, vita vimebakisha nini ndani yake? Milango ikafunguliwa kwa umma. Hivyo ndivyo zilivyozaliwa Rencontres Internationales de Genève, yaani Mikutano ya Kimataifa ya Geneva, ambayo Septemba 2026 inatimiza miaka 80.

Naikumbuka taasisi hii kwa sababu ya kanuni yake. Majibu iliyoyatoa kuhusu Ulaya yalipingana tangu siku ya kwanza na yanapingana hadi leo. Kanuni yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitimiza: anayehutubia jioni hana ruhusa ya kuondoka. Siku inayofuata anarudi, anaketi pamoja na wenzake mbele ya watu, na maneno yake yanachambuliwa, yanapingwa, yanaulizwa yalikotoka. Kila kitu kinaandikwa, mhadhara na mabishano pamoja, na kuchapwa kitabu. Vyuo vikuu vya Ulaya vimeandaa mihadhara mingi kuhusu siasa, utamaduni na utambulisho wa bara hilo. Ni michache sana iliyomfunga msemaji kwa sharti kama hilo.

Tuutazame mwaka wenyewe kwanza. Huko Nuremberg viongozi wa Wanazi walikuwa bado kizimbani; hukumu ilikuwa haijasomwa. Paris mataifa yaliyoshinda yalikuwa yakivutana juu ya mikataba ya amani na Italia na wenzake. Mwezi Machi Winston Churchill alikuwa ameshasema kule Fulton, Marekani, kwamba pazia la chuma limeshuka katikati ya Ulaya. Wakati huo ilikuwa bado inawezekana kwa msomi kutoka Budapest kupanda treni na kwenda kubishana hadharani na msomi kutoka Heidelberg. Nafasi hiyo haikudumu. Ingechelewa miaka mitatu, mikutano ya kwanza isingewapata watu wale katika ukumbi mmoja.

Geneva nayo ilikuwa na sababu ya kuwa mwenyeji. Uswisi haikuvamiwa, na chuo cha Geneva kilikuwa na historia ndefu ya kupokea watu waliofukuzwa kwao. Jean Calvin, mkimbizi kutoka Ufaransa, ndiye aliyekianzisha mwaka 1559 kama akademia ya kufundishia wachungaji, na wanafunzi walikuja kutoka pande nyingi za Ulaya ya Kiprotestanti. Kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1873. Aliyesimama mbele katika kuiasisi mikutano ya 1946, na kuwa rais wake wa kwanza, alikuwa Antony Babel, mwanahistoria wa uchumi aliyeichimba historia ya mji wake karne kwa karne. Nafurahi kwamba kazi hii haikuanzishwa na mwanasiasa. Babel na wenzake hawakuwa na dola la kulijenga wala chama cha kukitetea. Walikuwa na ukumbi, orodha ya majina, na imani kwamba watu wenye akili wanaweza kutofautiana mbele ya umma bila kuuana.

Wahutubiaji walikuwa tisa. Mkubwa wao alikuwa Julien Benda, Mfaransa aliyekaribia miaka 79, ambaye mwaka 1927 aliwashutumu wasomi wenzake kwa kuisaliti kweli na kuyatumikia mataifa na matabaka. Kwa kuwa alikuwa Myahudi, alipitisha miaka ya vita mafichoni Carcassonne, kusini mwa Ufaransa. Mtu wa namna hiyo angesamehewa kama angekuja kuisifu Ulaya iliyopona. Yeye alikuja kusema kwamba katika historia yake yote Ulaya haijawahi kujitaka kuwa kitu kimoja. Kila taifa lilijifunza kujipenda lenyewe, na historia inayofundishwa shuleni ni historia ya kujitenga. Anayetaka Ulaya moja, alisema, aanze kwa kuijenga upya akilini mwa watoto, kwa sababu hakuna ya zamani ya kuirudia.

Georges Bernanos, mwandishi wa riwaya na Mkatoliki mkali, alikuwa amerejea mwaka mmoja kabla kutoka Brazili alikoishi tangu 1938. Alikuja na hasira yake yote dhidi ya ustaarabu wa mashine, aliouona kama ugonjwa uliozaa udikteta na utakaouzaa tena hata baada ya madikteta kufa. Jean Guéhenno, mtoto wa fundi viatu wa Fougères, alikuwa amekataa kuchapisha hata ukurasa mmoja chini ya utawala wa Wajerumani, akaandika shajara yake kimyakimya. Stephen Spender, mshairi Mwingereza na mdogo kuliko wote, alikuwa ametoka kuzunguka Ujerumani iliyobomolewa na kuyaandika aliyoyaona. Alikuwapo Francesco Flora, mhakiki wa fasihi kutoka Italia. Alikuwapo pia Jean-Rodolphe de Salis, mwanahistoria wa Uswisi, ambaye sauti yake ilijulikana kuliko ya mtu yeyote ukumbini: wakati wa vita alisoma kila wiki uchambuzi wa hali ya dunia kupitia Radio Beromünster, na watu katika nchi zilizokaliwa walimsikiliza kwa siri, sauti ya redio ikiwa chini, kwa sababu walimwamini.

Watu wa Geneva walikuja kuwasikiliza wote hao. Lakini siku zinazokumbukwa zaidi ni za wanaume wawili waliokuwa na miaka zaidi ya sitini, ambao waliwahi kuketi katika chumba kimoja enzi za ujana wao. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Karl Jaspers na Georg Lukács walikuwa wote Heidelberg, wote wakihudhuria mazungumzo ya nyumbani kwa Max Weber. Kisha historia iliwatenganisha kwa namna ambayo hakuna mwandishi wa riwaya angethubutu kuibuni.

Jaspers alibaki Ujerumani. Mkewe, Gertrud, alikuwa Myahudi. Mwaka 1937 alinyang'anywa kiti chake cha ualimu, baadaye akakatazwa kuchapisha, na wawili hao wakaishi miaka mingi wakiwa na sumu karibu, tayari kuinywa siku watakapokuja kuchukuliwa. Aprili 1945 tarehe ya kusafirishwa kwao ilikuwa imeshapangwa. Wanajeshi wa Marekani waliingia Heidelberg wiki mbili kabla yake. Majira ya baridi yaliyofuata Jaspers alisimama mbele ya wanafunzi wa Kijerumani na kuwafundisha juu ya hatia ya nchi yao, akitenganisha hatia ya jinai, ya kisiasa, ya kimaadili na ile ambayo Mungu peke yake ndiye hakimu wake. Ndiye huyo aliyekuja Geneva.

Lukács alikuwa ameingia chama cha Kikomunisti cha Hungaria mwaka 1918, akawa kiongozi katika serikali fupi ya mapinduzi ya 1919, akakimbia, na tangu 1933 akaishi Moscow hadi mwisho wa vita. Aliokoka humo wakati wenzake wengi walipotea. Mwaka 1945 alirudi Budapest kufundisha. Alikuja Geneva akiwa mtu anayeamini kwamba historia imempa haki.

Jaspers aliieleza Ulaya kwa maneno matatu: uhuru, historia, sayansi. Kwa maoni yake, Ulaya haina fundisho moja inaloshikilia. Kila ilipoinuka kauli moja, palepale iliinuka ya kuipinga: dola na kanisa, akili na imani, taifa na himaya. Uhai wake ni mvutano huo wenyewe, na inapofikia kunyamazisha upande mmoja inakufa, kama ilivyokufa Ujerumani mwaka 1933. Alisema jingine lililowachoma wengi: zama za Ulaya kuitawala dunia zimekwisha, na itabidi bara hilo lijifunze kuishi kama sehemu ndogo ya wanadamu. Kauli hiyo, kutoka kwa Mjerumani, mwaka 1946, ilihitaji moyo.

Lukács alikataa kuizungumzia Ulaya kama jambo la roho. Mgogoro, alisema, ni wa demokrasia iliyobaki kwenye karatasi. Watu walipewa kura bila kupewa uwezo wa kuyabadili maisha yao, wakakata tamaa, na katika kukata tamaa huko wakaja walimu wa fikra za kibwanyenye, wakidai kwamba ukweli ni wa wachache waliozaliwa kuuona. Kutoka hapo hadi ufashisti njia ni fupi. Dawa aliyoitoa ilikuwa kurudi kwenye umoja wa 1941, pale demokrasia za Magharibi na Muungano wa Kisovieti zilipoungana dhidi ya Hitler. Na katika fikra hizo alizozishutumu, hakuificha falsafa ya Jaspers mwenyewe.

Kisha ikaja siku iliyofuata, na kanuni ya Babel ikafanya kazi yake. Walikuwamo pia Maurice Merleau-Ponty, aliyeanzisha jarida la Les Temps modernes pamoja na Sartre mwaka uliotangulia, na Lucien Goldmann, kijana aliyempenda Lukács na ambaye miaka ya vita ilimfikisha Uswisi kama mkimbizi, akafanya kazi na Jean Piaget hapohapo Geneva. Jaspers alijibu. Lukács alijibu. Ukizisoma kurasa hizo leo katika kitabu kilichochapwa na La Baconnière ya Neuchâtel, utaona watu wanaolazimika kuboresha hoja zao kwa sababu aliyezishambulia ameketi hatua chache mbele yao. Jaspers anatakiwa aeleze uhuru wake una maana gani kwa mtu mwenye njaa. Lukács anatakiwa aeleze nani ataiamua haki ya umma pale chama kinapokosea. Hakuna aliyeshinda. Lakini kila mmoja aliondoka akiwa amelisikia swali lake gumu kuliko yote likisemwa kwa sauti.

Yaliyowapata baadaye yanaongeza uzito wa siku ile. Jaspers alihamia Basel mwaka 1948, akiwa amechoka na Ujerumani aliyoona haitaki kujihoji, na akafa huko mwaka 1969. Lukács alishambuliwa na chama chake mwenyewe mwaka 1949. Mwaka 1954 alichapa kitabu kikubwa cha kuishutumu falsafa ya Kijerumani ambamo Jaspers hakunusurika. Miaka miwili baadaye, Wahungaria walipoinuka, aliingia serikali ya Imre Nagy kama waziri wa utamaduni, na vifaru vya Kisovieti vilipoizima serikali hiyo alipelekwa kizuizini Romania. Swali aliloulizwa Geneva juu ya chama kinachokosea lilimrudia akiwa na miaka 71, safari hii bila ukumbi wala mjadala.

Mhutubiaji wa tisa nimemweka mwisho makusudi. Denis de Rougemont, mzaliwa wa Couvet katika jimbo la Neuchâtel, alitimiza miaka 40 Septemba hiyohiyo. Wakati wa vita alikwenda Marekani, akakaa New York akiandika matangazo ya redio kwa ajili ya Ufaransa iliyokaliwa. Alichokileta Geneva ni shirikisho: Ulaya isiyo himaya wala rundo la mataifa yenye mipaka mitakatifu, ambayo ndani yake mji, jimbo, lugha ndogo na mtu binafsi vingebaki na sauti. Wengine walikuja, wakasema, wakarudi kwenye vitabu vyao. De Rougemont aliondoka ukumbini akiwa na kazi ya maisha. Mei 1948, pale zaidi ya wajumbe 700 walipokusanyika The Hague chini ya uenyekiti wa Churchill, yeye ndiye aliyeandika na kuusoma Ujumbe kwa Wazungu wa Ulaya. Mwaka uliofuata likazaliwa Baraza la Ulaya. Desemba 1949, katika mkutano wa utamaduni aliousaidia kuuandaa Lausanne, ulisomwa ujumbe wa mwanafizikia Louis de Broglie uliopendekeza maabara ya pamoja ya nchi za Ulaya. Mbegu hiyo ni miongoni mwa zilizozaa CERN, iliyoanza rasmi mwaka 1954 nje kidogo ya Geneva. Mwaka 1950 de Rougemont alifungua Geneva Kituo cha Utamaduni cha Ulaya, na mwaka 1963 akaanzisha taasisi ya chuo kikuu ya masomo ya Ulaya. Ni nadra mhadhara wa jioni moja kuwa na wajukuu wengi hivyo.

Siku chache baada ya mikutano ya Geneva, tarehe 19 Septemba 1946, Churchill alisimama katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Zurich na kuwaambia wanafunzi kwamba Ufaransa na Ujerumani zishikane mikono ili kujenga namna ya Muungano wa Nchi za Ulaya. Hotuba hiyo ndiyo iliyoingia katika vitabu vya shule. Tangu hapo viongozi wa Ulaya wameyapenda majukwaa ya vyuo: Margaret Thatcher katika Chuo cha Ulaya mjini Bruges mwaka 1988, akiikataa Ulaya yenye serikali kuu moja Brussels, Joschka Fischer katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin, Mei 2000, akiitaka Ulaya ya shirikisho kamili, Emmanuel Macron Sorbonne mwaka 2017 na tena 2024. Hotuba hizo zilisukuma mambo, na sizidharau. Ila msemaji alifika, akasoma, akapigiwa makofi, gari likamchukua. Majibu aliyasikia kupitia magazeti na wasaidizi. Kati ya Zurich na Geneva mwaka ule palikuwa na safari ya saa chache za treni na tofauti kubwa ya adabu ya kusema.

Sasa niliseme jambo linalonigusa mimi kama msomaji wa Kiswahili. Wahutubiaji wote tisa walitoka Ulaya, na kati ya mihadhara tisa hakuna hata mmoja uliotengwa kwa ajili ya makoloni. Hilo lilitokea Geneva, na si mji wowote tu. Kwa karibu miaka ishirini tume ya kudumu ya Shirikisho la Mataifa ilikuwa ikikaa katika mji huo kupokea taarifa za nchi zilizonyang'anywa Ujerumani. Maofisa wa Uingereza walikuja kuieleza Tanganyika. Wa Ubelgiji waliieleza Ruanda-Urundi. Kodi yetu, ardhi yetu, kazi za kulazimishwa na shule chache zilijadiliwa pale mwaka baada ya mwaka, sisi wenyewe tukiwa hatupo. Shirika lilipovunjwa, mafaili yalibaki. Desemba 1946, miezi mitatu baada ya mikutano, Umoja wa Mataifa uliidhinisha mikataba iliyozifanya Tanganyika na Ruanda-Urundi kuwa nchi za udhamini, chini ya wakubwa walewale.

Na mwezi uleule wa Septemba 1946, Jomo Kenyatta alirejea Kenya baada ya takriban miaka kumi na mitano ya kukaa Ulaya. Mwaka uliotangulia alikuwa Manchester pamoja na Kwame Nkrumah na W. E. B. Du Bois katika Kongamano la tano la Umajumui wa Afrika. Alikuwa amesomea anthropolojia London chini ya Bronisław Malinowski, alikuwa amewaona Wazungu nyumbani kwao, katika viwanda vyao na katika hofu yao ya mabomu. Kama kungekuwa na kiti cha kumi Geneva, mtu wa kukikalia alikuwa karibu. Angewaeleza uhuru, historia na sayansi zinavyoonekana kutoka kwao Kiambu. Machi 1947 Madagaska iliinuka, na jeshi la Ufaransa likaizima kwa kuua maelfu kwa maelfu. Mwaka 1950 mshairi Aimé Césaire alichapa hotuba yake juu ya ukoloni, akawaambia wanaolia juu ya Hitler kwamba mambo hayo yalishafanywa kwa muda mrefu juu ya watu wasio weupe, na Ulaya ililala usingizi. Hoja hiyo ilistahili jioni moja Geneva mwaka 1946, na siku ya kujibiwa.

Nayasema haya kwa kuwa naithamini taasisi hii. Kanuni yake ya kumkalisha msemaji mbele ya wapinzani wake ni njema kiasi kwamba ni haki kuuliza ni mpinzani gani hakuitwa. Mwaka 1957 mikutano iliichukua mada ya Ulaya na ulimwengu wa leo. Mwaka huohuo nchi sita zilitia saini Mkataba wa Roma, ulioziunganisha na soko lao jipya Kongo ya Ubelgiji, Ruanda-Urundi na makoloni ya Ufaransa bila wenyeji kuulizwa. Watu wa Lubumbashi, iliyoitwa Élisabethville siku hizo, na wa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, waliingizwa katika historia ya umoja wa Ulaya wakiwa wanaongea Kiswahili sokoni. Ni wachache Ulaya wanaolikumbuka hilo wanapohesabu waanzilishi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya wingi. Mwaka 1947 mada ilikuwa maendeleo ya ufundi na maendeleo ya maadili, na aliyehutubia miongoni mwa wengine ni Nikolai Berdyaev. Karl Barth alifika mwaka 1949, José Ortega y Gasset na Merleau-Ponty mwaka 1951, Erwin Schrödinger mwaka 1952, Paul Ricœur mwaka 1953 kuzungumzia hofu ya zama zile. Werner Heisenberg alikuja mwaka 1958 kwenye mkutano juu ya binadamu na atomu, miaka kumi na mitatu baada ya Hiroshima. Mwaka 1969 moto wa wanafunzi wa Paris ulipokuwa bado haujapoa, Herbert Marcuse na Raymond Aron walizungumza katika mkutano mmoja juu ya uhuru na utaratibu wa jamii. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 mikutano haikuwa tena ya kila mwaka, na sidhani hilo liliipunguzia thamani. Wazungumzaji wa aina hiyo hawapatikani kwa kulazimisha kalenda.

Mtu aliyeishika taasisi muda mrefu kuliko wote ni Jean Starobinski, na kwangu yeye ndiye sura yake njema zaidi. Alizaliwa Geneva mwaka 1920 kwa wazazi Wayahudi waliotoka Poland. Alisoma fasihi kwa Marcel Raymond, akasomea pia udaktari, akatibu wagonjwa, kisha akawa mmoja wa wachambuzi wakubwa wa Rousseau na Montaigne. Uraia wa Uswisi aliupata mwaka 1948. Maana yake ni kwamba mwaka 1946, mji wake ulipokuwa ukiuliza Ulaya ni nani, kijana huyu aliyezaliwa na kukulia pale alikuwa bado kisheria mgeni. Alikuwa rais wa mikutano kwa karibu miaka thelathini, hadi 1996. Anayeyafahamu maandishi yake anaijua sauti yake: daktari anayesikiliza kwanza, anayeuliza dalili ilianza lini, asiyekimbilia dawa. Katikati ya miaka ya 1980 mada ya Ulaya ilirudi jukwaani chini yake, Ukuta wa Berlin ukiwa bado umesimama. Alifariki mwaka 2019. Alipouacha urais, ulishikwa na Georges Nivat, mtaalamu wa fasihi ya Kirusi aliyeitazama Ulaya akikumbuka nusu yake ya mashariki, kisha mwanahistoria Michel Porret.

Mikutano bado ipo, na bado imeshikamana na chuo kikuu. Imekuwa midogo kuliko ilivyokuwa. Televisheni ilichukua mabishano, kisha simu ikachukua televisheni, na msomi mashuhuri wa leo ana mialiko kumi kwa wiki moja na tiketi ya ndege ya usiku uleule. Kumwomba abaki hadi kesho yake ajibu maswali ya mwalimu mstaafu wa safu ya tano ni kumwomba kitu cha thamani sana. Nadhani hapo ndipo waandalizi wa miaka ijayo wanapaswa kukaza, hata kama orodha itakuwa fupi na ya majina yasiyojulikana.

Na wakifikiria nani wa kumwalika, wasiende mbali. Wanaozungumza Kiswahili wanaishi Geneva, Brussels, London na Rotterdam. Wako wauguzi, madereva, wanasheria wa mashirika ya kimataifa, wakimbizi kutoka Kivu na watoto wao waliozaliwa huko wenye pasipoti za Ulaya. Watoto hao wanasoma katika vyuo hivihivi. Wanaulizwa mtaani wanatoka wapi, na jibu lao sahihi ni jina la mtaa wa Ulaya. Swali la 1946 ni lao kuliko lilivyokuwa la Benda au la Jaspers. Mmoja wao apewe jioni moja, asikilizwe kwa makini, na siku ya pili akalishwe mbele ya wanaompinga, akiwa na haki ya kujibu na maneno yake yakiingia kitabuni pamoja na ya wengine.